Niliiona Buluu Nikanyamaza

Iko siku moja ya kiangazi, pale Shively, kando ya Louisville, ambayo naikumbuka kila ninapoosha vijiko. Nitaifikia. Mwanangu, mzee hakimbilii mwisho wa habari, maana yeye alikwisha kufika huko, na anajua hakuna kizuri kinachomngoja.

Jumapili ulinipigia simu kutoka Columbus. Ukaniambia mchumba wako Elia amepata wenzake wa kazini wanaokwenda kupiga shabaha nje ya mji, na sasa wamechoka na karatasi, wanataka shabaha za chuma, za kudumu. Ukaniambia amepata bamba la bure, la zamani, zito sana, ila lina vishimo vishimo. Ukaniuliza, "Bibi, wewe ni mtoto wa mhunzi, chuma gani kinadumu?" Halafu ukaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba wewe vile vishimo hukuvipenda, lakini usingeweza kumwambia mbele ya rafiki zake, ungemvunjia heshima.

Nilikujibu nina sufuria motoni, nitakupigia. Sikuwa na sufuria motoni. Nilikaa tu hapa jikoni, Buffalo, mikono imelala mapajani, nikasikia neno lako lile la mwisho likizunguka kichwani kama nzi.

Donc, basi, nakuandikia. Simu ningelia, na kilio hakifundishi mtu.

Mimi sikusoma. Niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza. Lakini chuma nilikisoma. Baba yangu alikuwa mhunzi huko Fizi, juu milimani, siyo upande wa ziwa. Wahunzi wa kwetu hawakutaka mwanamke akaribie moto wao, walisema chuma kinasusa. Baba alizaa mabinti wanne bila mvulana hata mmoja. Akawaambia watu, chuma kikitaka kususa na kisuse, mivukuto lazima ivukutwe. Mimi mkubwa ndiye niliyeivukuta, tangu miaka tisa au kumi, hakuna aliyekuwa anahesabu.

Alifua springi za malori yaliyokufa barabarani. Springi ni chuma chenye roho. Unakipasha mpaka kiwe chekundu, unakifua, unakizamisha kwenye maji, kinapiga kelele, na kikitoka hapo kimekuwa kigumu hata tupa inateleza juu yake. Tupa ndiye mwalimu wa mhunzi. Ikiteleza, chuma kiko hai. Ikiuma na kutoa unga, chuma kimelala. Na chuma kigumu kikirudishwa karibu na moto, kinakuambia chenyewe kwa rangi jinsi ugumu unavyokitoka. Kwanza manjano kama majani makavu, halafu kahawia, halafu zambarau, halafu buluu. Baba alikuwa akisema buluu ikifika kwenye makali, usilie tena, zika.

Siku moja, nilikuwa na miaka kumi na minne hivi, baba alikwenda msibani akaniachia panga moja lililokwisha kunolewa. Kazi yangu ilikuwa ndogo: kupasha ule mkia wake mwembamba na kuuchomeka kwenye mpini wa mti. Nilikuwa nacheka na dada zangu. Nikausahau motoni. Nilipogeuka joto lilikuwa limepanda, na buluu imeshika nusu ya panga, karibu na mpini, imefika mpaka kwenye makali.

Sasa sikiliza nilichofanya. Nilichukua mchanga na majivu nikaisugua ile rangi mpaka panga likang'aa kama lilivyokuwa. Mwenyewe akaja kulichukua, mzee Asukulu wa bonde la pili, akanisifu kwamba mikono ya binti inang'arisha kuliko ya mwanamume. Nikainama, nikasema ahsante. Siku ya nne Asukulu akaletwa kwa machela. Panga lilipinda akikata kisiki, likateleza likamrudia kwenye muundi wa mguu, mfupa ukaonekana.

Baba hakunipiga. Ningependa angenipiga. Alilitazama lile panga, akapitisha tupa, tupa ikauma. Akaniuliza kama niliiona rangi. Nikasema niliiona. Akasema, "Moto umekosea kwa sababu hauna akili. Wewe unayo, ukaitumia kusugua." Kisha akanipa adhabu: kumchotea maji Asukulu asubuhi na jioni mpaka atembee, na kila siku nikifika nimwambie, mbele ya watu wake, kwamba niliona. Miezi miwili, mwanangu. Kila asubuhi yule mzee aliitikia vizuri tu, "Ndiyo, binti, nimesikia," na mimi nikatamani ardhi inimeze na mtungi wangu.

Ungedhani mtu akifundishwa hivyo hatarudia. Wanasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi nilirudia nikiwa na mvi kichwani.

Baba yako, Bahati, unamjua leo kama mtu mkimya anayelala mbele ya televisheni. Hukumjua tulipokuwa Uvira. Kule Uvira alikuwa soudeur, fundi wa kuchomelea, na nusu ya milango ya mtaa wetu aliichomelea yeye. Hata kambini Kigoma alitengeneza vitanda vya chuma kwa mabomba mabovu, watu wakapanga mstari. Tulipoletwa Louisville wakampa kazi ya ghalani, kupanga maboksi ya viatu. Hakulalamika. Lakini jioni alikuwa anaitazama mikono yake kama mtu anayetazama ng'ombe wa jirani.

Ndipo akasikia kwamba walinzi wanaobeba silaha wanaheshimiwa zaidi, wana kofia na gari, ila sharti ufaulu mtihani wa kupiga shabaha. Mzee mmoja Mmarekani wa kazini kwao alikuwa na shamba nje ya mji, lina kilima cha udongo, akamruhusu ajifunze pale siku za Jumamosi. Bahati akanunua bamba la chuma dukani. Bamba lenyewe lilikuwa zuri. Nataka hili ulishike sana, mwanangu: lilikuwa zuri. Jeusi, duara, zito kuliko lilivyoonekana, ukubwa wa sinia ya vikombe sita, na juu lina matundu mawili ya kutilia bolti na mnyororo. Lilipofika nyumbani nilipitisha tupa pembeni kwa siri, kama mzee anayeonja chumvi jikoni kwa watu. Tupa iliteleza.

Baba yako aliyatazama yale matundu akacheka. Akasema fundi hafungi chuma kwa mnyororo kama mbuzi. Atalichomelea miguu mgongoni.

Kazi ile aliifanya kwenye gereji ya jirani yetu, Jumamosi mchana, na wanaume wa kanisani wakaja kutazama, maana miaka minne walikuwa wakisikia tu kwamba Bahati ni fundi. Wakasimama na Fanta zao, wakageuza nyuso cheche zilipoanza. Mmoja akamtania kwamba leo Wamarekani watampa uraia kwa nguvu, watamfungia asirudi kwao na ujuzi. Mwingine akasema, "Bon, huyu ndiye aliyekuwa anabeba viatu?" Wakacheka, naye akacheka ndani ya kile kinyago cha kuchomelea, na mabega yake yalikuwa mapana tena kama ya Uvira.

Mimi nilileta chai. Na mandazi. Nikaona.

Kuzunguka kila mguu aliouchomelea, chuma kilikuwa kimevaa pete: manjano, kahawia, zambarau, na buluu pana kama kiganja changu. Pete mbili zilikutana katikati ya bamba. Pale pale ambapo risasi zingepiga.

Sasa nikueleze kitu, kwa sababu ninyi mliokulia huku hamkijui, na mkikijua mnakicheka. Kwetu mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni. Hawali sahani moja. Akiingia sebuleni natoka, au nageuza kiti. Nikiwa na neno napitisha kwa binti yangu, naye vivyo hivyo. Na kumkosoa mkwe mbele ya wanaume wenzake, hilo halipo, hakuna hata jina lake. Msiseme ni mambo ya porini. Kambini tulilala watu tisa kwenye nyumba ya vyumba viwili, na adabu ile ndiyo iliyokuwa ukuta wetu wa tatu. Bila hiyo tungekuwa mbuzi.

Kwa hiyo niliitua sinia. Nikageuza uso, kama adabu inavyotaka. Nikamimina chai.

Ningeweza kumwambia mama yako, Furaha, jioni ile jikoni. Njia ilikuwepo, desturi yenyewe imeiacha wazi. Lakini Furaha alikuwa anaimba akiosha vyombo. Miaka minne sikumsikia akiimba. Nikajiambia, nitasema kesho. Kesho ilipofika nikajiambia labda chuma cha Marekani si kama cha springi, labda kina dawa yake, mimi mwanamke wa darasa la tatu najua nini. Mwanangu, ukitaka kunyamaza hukosi sababu. Zinakuja zenyewe, na viti zimebeba.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda wote shambani, na sufuria na mikeka, kwa sababu watu wetu hawajui kumwacha mke nyumbani siku mume anakwenda kusifiwa. Wewe tu ulibaki kwa jirani na watoto wenzako. Alipiga, bamba likalia, watu wakapiga makofi. Jumamosi ya pili vile vile. Jioni ya siku ile ya pili bamba lililetwa nyumbani likaegemezwa ukutani karibu na bomba la bustani. Nikatoka peke yangu. Nikapitisha kidole.

Pembeni lilikuwa laini kama lilivyotoka dukani. Risasi zimeacha alama ya kijivu tu. Katikati, kwenye buluu, kulikuwa na vishimo. Saba au nane. Kidole kinazama, na ukingo wa kila kishimo umeinuka kama midomo.

Unajua maana yake? Chukua sahani bapa uiweke chini ya bomba, maji yanatawanyika pembeni. Sasa weka kijiko, shimo lake likitazama juu. Maji yanaingia, yanazunguka, yanakurudia usoni. Kila mwanamke anayeosha vyombo analijua hilo. Risasi ikipiga chuma kigumu, bapa, inasagika na kutawanyika kufuata uso wa bamba. Ikiingia kwenye kishimo, kishimo kinaigeuza na kuirudisha ilikotoka. Sikuhitaji shule. Nilisimama pale bustanini na kidole changu kwenye kijiko, nikajua.

Na bado nikaingia ndani nikalala.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mimi sikuficha maradhi yangu, nilificha ya wengine. Hilo halina methali, nimelitafuta.

Jumamosi ya tatu ilikuwa ya mwisho kabla ya mtihani wake. Jua kali. Risasi mbili za kwanza zikakosa, na wenzake wakaanza kumtania kwamba kilima nacho kinahitaji mlinzi wa kukilinda na yeye. Akasogea mbele. Wakamtania tena, akasogea tena, mpaka hatua saba, labda nane. Bamba lilikuwa limesimama wima kama askari, maana miguu ya kuchomelea haiinami. Miwani ya kukinga macho ilikuwa moja, ameivaa yeye. Mama yako alisimama nyuma ya bega lake la kushoto na simu, anapiga video amtumie mama mkwe wake kambini aone mwanawe amekuwa nani.

Akafyatua. Bamba halikulia vizuri, lilitoa mlio kama wa sufuria yenye ufa. Na Furaha akasema "aa." Neno dogo, la mtu aliyekumbuka kitu. Simu ikaanguka kwenye majani, naye akaweka kiganja juu ya jicho lake la kushoto, taratibu, kama anayelifunika lisipate vumbi.

Hospitalini walituletea mkalimani kwenye simu. Alikuwa na Kiswahili cha pwani, kizuri mno, akatueleza kwa maneno yote ya heshima kwamba kipande cha risasi kimepasua jicho na halitarudi.

Ukumbini wanaume wa kanisani walikuwa wamemzunguka baba yako. Wanasema duka limemuuzia chuma feki. Wanasema ashtaki. Yeye anatikisa kichwa, ndiyo, chuma kilikuwa laini kama siagi, mmeona wenyewe vishimo. Kila mtu alikuwa amekubali. Ilikuwa rahisi, mwanangu. Ningekaa tu kwenye kile kiti cha plastiki, na mpaka leo lawama ingekuwa ya duka, na mimi ningebaki Shively nakusuka nywele.

Niliinuka. Nikasimama mbele ya mkwe wangu, na kwa mara ya kwanza tangu amuoe binti yangu nikamtazama usoni.

"Baba Salome, chuma kilikuwa kizima. Moto wako ndio uliokiua."

Alidhani nimechanganyikiwa. Akainamisha macho, hata pale, kama anavyopaswa. "Mama, umejuaje?"

"Niliiona buluu."

"Lini?"

"Gereji. Siku ile ile."

Nilimwona anahesabu Jumamosi, moja, mbili, tatu. Kisha akaniinulia uso.

"Na ukanimiminia chai," akasema.

Basi. Hakuongeza kitu, siku ile wala baadaye. Hakunitukana hata mara moja. Mama yako naye alitaka aelezwe yote, nikamweleza kitandani kwake, kuanzia tupa ya siri mpaka kidole bustanini. Alinisikiliza na bandeji yake. Nilisema nilichokuwa nimejiandaa kusema, kwamba nilimheshimu mume wake. Akanijibu bila kupaza sauti, "Adabu ilikuwa yenu ninyi wawili, Mama. Jicho lilikuwa langu."

Mjomba wako Yohana akaja kunichukua kabla ya baridi kuanza. Ninyi watoto mliambiwa Bibi anakwenda Buffalo kumsaidia Mjomba na mapacha. Mapacha walikuwepo, ni kweli. Na kuhusu jicho mliambiwa ni ajali. Miaka kumi na miwili nimekuwa North Buffalo, ghorofani, theluji inanifikia dirishani, na hakuna aliyewahi kukuambia kwamba katika ajali ile kulikuwa na mtu aliyejua. Leo nimekuambia. Ukinichukia utakuwa na haki, na sitakuomba unifichie chochote.

Mama yako hunipigia Krismasi na Pasaka. Ananiuliza kama nameza dawa za presha. Alikuwa akishona vitenge vya wanawake wote wa kanisa. Sasa akitia uzi kwenye sindano anaupitisha pembeni ya tundu, mara tatu, mara nne, kisha anampa mtu amtilie. Hilo sikuambiwa, nililiona harusini kwa Yohana mdogo, mwana wa Mjomba wako, na yeye akaona kwamba nimeona. Baba yako hakwenda kwenye mtihani. Hakushika tena bunduki, wala kile kinyago cha kuchomelea. Ananitumia salamu kupitia kwa mke wake, kama desturi inavyotaka. Adabu yetu haina hata ufa. Tuliopasuka ni sisi.

Sasa swali lako. Uliniuliza chuma, nami nitakujibu chuma kwanza.

Shabaha inayodumu si ile nene wala ile nzito. Ni ile ngumu, tena ngumu mpaka ndani. Bamba la jaa la vyuma, mlango wa gari, kibao cha barabarani, kifuniko cha mtaro, hivyo ni vyuma laini hata kama vinakuvunja mgongo kuvibeba. Nunua lililotengenezwa kwa kazi hiyo, lenye namba ya ugumu imeandikwa. Wengi huandika mia tano. Na kama ni bunduki ndefu, muulize muuzaji, maana lile la bastola si lake. Pitisha tupa. Ikiteleza, nunua. Ikiuma, liache pale pale, hata kama ni la bure. La bure ndilo linalokula mtu.

Usiruhusu moto ulisogelee. Si kuchomelea, si kukata, si kutoboa tundu kwa moto. Watu wa kiwandani wameweka matundu kwa akili zao. Tia bolti, tia mnyororo, lining'inie, na uso wake uinamie chini kidogo kama mtu anayesali, ili risasi iliyosagika iende ardhini. Ndiyo, kama mbuzi. Mbuzi aliyefungwa vizuri hamli mtu.

Simameni mbali kama waliolitengeneza wanavyoagiza, na mkitaniwa ongezeni hatua za nyuma, si za mbele. Risasi zenye chuma ndani yake msizipige pale, zinachimba. Kila mkienda, kabla ya risasi ya kwanza, kidole kipite juu ya bamba lote. Kidole kikizama, siku ya bamba hilo imekwisha. Usiligeuze upande wa pili ukajidanganya, usiseme tumalize leo tu. Na miwani ivae kila mtu aliyeko shambani, hata aliyekuja kushika chupa ya chai, hata aliyekuja kupiga picha. Hasa huyo.

Hayo ni ya chuma, na ungeyapata dukani. La kwangu ni hili moja. Heshima ni kitu kikubwa, mwanangu, nimeila na nimeilalia, sitakufundisha kuitupa. Lakini heshima ni ya mambo ya heshima: nani akae wapi, nani aanze kunawa, nani aseme kwanza. Kitu kinachoweza kumrudia mtu usoni hakimo humo. Hicho kinasemwa mbele ya watu, kinasemwa kwa mume, kwa mkwe, kwa mchungaji, kinasemwa vibaya vibaya kama huna maneno mazuri. Ukingoja apatikane peke yake, ukingoja amalize kucheka, ukingoja kesho, basi tayari unasugua buluu kwa mchanga. Kimya kingi kina mshindo, walisema waliotangulia. Mshindo wenyewe unaweza kuwa neno dogo tu, "aa."

Nilipofika hapo jana niliiweka kalamu nikampigia Elia mwenyewe. Kwake mimi ni bibi, desturi inaniruhusu hata kumwita mume wangu na kumdai posa. Sikutania. Nilimwambia lile bamba la vishimo alirudishe kwenye jaa, leo, na nikamwambia kwa nini, lote, pamoja na jina la mama yako. Alikuwa na wenzake garini, ameweka simu wote wasikie. Nilisikia mmoja akicheka, mwingine akamuuliza kwa Kiingereza kama sasa bosi wake ni bibi. Elia aliniambia ndiyo Bibi, nimeelewa Bibi, na sauti yake ikawa baridi kama maji ya mfereji. Akasema atalitazama. Kisha akakata.

Najua atakuja kwako na hasira. Atakuuliza kwa nini ulipeleka mambo yake Buffalo. Mwambie ulipeleka kwa sababu hukuwa na ujasiri, na kwamba sasa unao, na umwambie mwenyewe, kwa mdomo wako, kwamba lile bamba halipigwi. Mbele ya wale wale waliocheka. Akinuna siku tatu, mpikie. Akinuna wiki, mpikie vile vile. Na mara moja moja inua kichwa umtazame anavyokununia, umtazame vizuri: macho mawili, yote yanakuona.

Nenda, mwanangu. Mungu wa baba zangu wahunzi akupe ulimi usiochelewa. Akupe mume anayesikia akikasirika, na ukikasirika wewe nawe usikie. Awape nyumba ya maneno, hata yawe makali, kuliko nyumba ya adabu tupu. Mkono wangu huu ulioshika sinia siuweki juu ya kichwa chako. Nakuwekea ule mwingine. Na Mungu ayalinde macho yenu, yote manne, mpaka mzeeke mkitazamana.